Mbao za Baba na Sauti ya Nne

Nianze na hili nisije nikajificha baadaye: msumeno niliushika mimi, mchana kweupe, na baba alikuwa amekaa hatua sita kutoka niliposimama. Hakusikia. Nilijua hatasikia, ndiyo maana nikakata.

Mimi ni fundi wa spika hapa Bwera, Uganda. Kibanda changu kiko kando ya barabara inayoshuka mpakani, pale malori ya Kongo yanapopunguza mwendo na bodaboda wanapogombea abiria. Watu wakiona mwanamke ameshika chuma cha kulehemu huniuliza fundi yuko wapi. Zamani nilikuwa nawatukana. Siku hizi nawaambia fundi amekwenda chooni, wasubiri, halafu naendelea na kazi yangu mpaka waone haya wenyewe. Hasira nimezaliwa nazo. Kazi nimefundishwa na baba.

Baba alikuwa mpasua mbao. Yeye na mdogo wake walifanya kazi katika misitu ya upande wa Beni, kule Kongo, kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni akila unga wa mbao. Jumapili walisimama bega kwa bega nyuma ya kwaya ya parokia, wote wawili sauti ya nne, yaani besi. Baba ndiye pia aliyetunza vipaza sauti vya kanisa: honi mbili kubwa za chuma, midomo mipana kama ungo, zilizoletwa na mapadri wa Kizungu kabla mimi sijazaliwa. Parokia iliponunua vyombo vipya, zile kuukuu akapewa yeye. Alipohamia Bwera kufanya biashara ya mbao alivuka nazo mpaka, pamoja na mama, mimi nikiwa mgongoni, na mbao sita za libuyu.

Mbao hizo lazima nizieleze. Libuyu ni mti mwekundu wa Kongo, mzito, na mbao yake hunukia hata baada ya miaka. Katika ukoo wetu, mtu aliyepasua mbao maisha yake yote hazikwi kwa mbao za duka. Akiwa bado na nguvu zake anachagua gogo, anajipasulia mbao sita za futi saba, anazipandisha juu ya kenchi za nyumba, na huko zinamngoja. Baba na mdogo wake walipasua zao siku moja, kwenye gogo moja, sita za huyu na sita za yule. Mwiko wake ni huu: mwenyewe akiwa hai, mbao zake hazipimwi wala hazikatwi. Anayezikata anamwitia mwenzake kifo. Shangazi yangu, dada yao aliyebaki Butembo, alinifundisha hilo alipokuja kututembelea, nikiwa bado sijui hata kufunga viatu.

Baba mdogo hakuzitumia zake. Wauaji walitoka msituni wakachoma nyumba yake, na mbao zikaungulia humo humo darini. Yeye mwenyewe walimkuta shambani. Alizikwa pamoja na wengine, amefungwa katika turubai. Habari ilitufikia kwa simu, kibandani kwangu, na baba aliuliza swali moja tu, akauliza kama mbao zilipona. Tangu hapo alikuwa akipanda juu ya meza kila baada ya majuma kadhaa kuzipangusa zake vumbi, na ole wako umkumbushe kwamba ni mzee, ataanguka.

Biashara ya mbao ilipokufa, mama naye akiwa ameshatangulia, honi ndizo zilizotulisha. Baba alizikodisha misibani. Alizitundika juu ya mti au kwenye mlingoti, akakaa kando ya amplifaya yake na kofia magotini, na rambirambi zikasikika vilima vitatu mbali. Mimi nilijifunza kila kitu pale chini ya miguu yake, nikimshikia waya. Nilipokuwa mkubwa nikafungua kibanda, yeye akaendelea na misiba.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka, na yaliondoka kwa ukatili. Sauti nyembamba zilitangulia: ndege, watoto, mlio wa simu, mimi. Sauti nene zilibaki nyuma. Lori likipita alisema "lori" bila kugeuka. Ngoma ikipigwa upande wa pili wa bonde aligonga goti kwa kidole. Daktari wa Kasese alimwangalia ndani ya masikio, akaniambia hakuna cha kusafisha wala cha kutibu, mishipa imechoka, na hata hicho kinachosikika leo kitafungwa. Nilimwuliza lini. Akasema hajui. Nikamkasirikia yule daktari kana kwamba yeye ndiye aliyemziba baba masikio.

Kilichoniuma ni kwamba zile honi, alizozitunza kuliko hata mimi mtoto wake, ndizo zilizomkataa kwanza. Honi fupi ya chuma inatoa sauti kali, ya puani, inayokwenda mbali. Besi haina hata chembe. Baba akawa anakaa kando ya mashine ambayo haisikii, anaongeza sauti kwa kukisia. Kwenye mazishi fulani Karusandara aliongeza mpaka honi zikaanza kulia, ule mlio wa kutoboa ubongo, katikati ya sala. Watu walishika masikio. Vijana wakacheka, msibani, mbele ya maiti. Mmoja akaja akachomoa waya na kumwambia mzee wangu akapumzike nyumbani. Nilimrukia yule kijana, na isingekuwa wanawake waliokuwa wakipika karibu, sijui. Njiani kurudi, juu ya bodaboda, baba aliniuliza sikioni kama honi zililia sana. Nikatikisa kichwa, hapana. Hakuuliza tena, na hakuzitundika tena kwenye msiba wowote.

Alikuwa na kaseti moja ya kwaya yao, iliyorekodiwa miaka ile. Alipoacha kazi akaanza kuiunganisha na honi uani, anaingiza kichwa chake ndani ya ule mdomo wa chuma, majirani wanalalamika kelele, na yeye hasikii kitu. Jioni moja aliniambia, kwa ile sauti kubwa ya viziwi, kwamba uso wa mdogo wake anaukumbuka lakini sauti imetoka kichwani. Anaitafuta haipati. Alitaka kuisikia mara moja tu kabla masikio hayajafunga. Hakunibembeleza. Alisema kama mtu anayeomba chumvi, kisha akaenda kulala.

Nikajiambia, nami ni fundi wa nini basi?

Nilianza vibaya. Niliisukuma besi kwa nguvu ndani ya honi ya chuma, nikidhani amplifaya kubwa itailazimisha. Wapi! Kiwambo kilichomo kooni mwa honi, chembamba kama ganda la kitunguu, kilipasuka siku ile ile. Nilikata kingine kutoka kwenye picha ya eksirei, eksirei ya kifua cha baba mwenyewe maana ndiyo iliyokuwepo, na honi ikarudi kusema kwa sauti yake ile ile ya puani. Nikarefusha mdomo wake kwa mabati. Mabati yakatetemeka yakapiga kelele yenyewe. Ndipo nikaelewa kwamba sauti nene inataka njia ndefu na mlango mpana, na kuta nzito zisizotikisika. Nikanunua spika kuukuu ya inchi kumi na mbili kule Kasese, nikaibandika karatasi mpya, nikachora honi ya mbao yenye njia iliyokunjwa mara tatu ndani ya sanduku, na mdomo unaofungukia kwenye kona ya chumba, ili kuta zenyewe ziendeleze honi. Niliitengeneza kwanza kwa plaiwudi. Ikavuma kama debe. Ile besi iliishia kutikisa sanduku, haikutoka nje.

Nilikaa sakafuni nikatazama juu. Mbao sita, nyekundu, safi hazina vumbi.

Nilikwenda kuazima msumeno kwa seremala jirani yetu, mtu mpole aliyemjua baba tangu tulipovuka. Aliniuliza nakata nini. Nilipomwambia aliweka randa chini. Aliniomba nisifanye, akaniambia atanitafutia mbao nyingine, nimpe muda kidogo. Nikamwambia baba hana muda huo. Akanitazama, akasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akanipa msumeno. Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwomba baba mwenyewe, na hilo ndilo sikulifikiria hata kidogo, kwa sababu niliogopa atasema hapana. Liwalo na liwe, nikasema.

Baba alikuwa mlangoni, juu ya kigoda chake, amenipa mgongo, anachambua maharage. Nilizishusha mbao moja moja, nikazikatia humo humo chumbani, nyuma yake. Libuyu ni ngumu, msumeno ulipiga kelele hadi majirani wakachungulia juu ya ua, wakaona dirishani ninachokata, wakatoweka. Yeye alikuwa akitupa mawe madogo upande mmoja na maharage upande mwingine. Kila nilipomaliza mkato nilimtazama kisogo. Mara moja aligeuza kichwa, nikasimamisha msumeno, lakini alikuwa akitazama kuku. Ubao wa kwanza ulinitoa machozi, na wa sita niliukata haraka nimalize. Nilipofagia, unga mwekundu nilioukusanya ulijaza ndoo.

Siku tatu nilifunga mlango wa chumba cha mbele nikiunga na kukaza skrubu. Alipouliza nilionyesha kwa mikono kwamba natengeneza redio. Siku ya nne nikamwingiza ndani, nikamkalisha mgongo ukigusa mdomo wa honi, nikaweka kaseti.

Mwanzoni alikaa tu. Soprano waliimba peke yao na uso wake ulikuwa umefungwa. Kisha sauti ya nne ikaingia. Niliihisi mimi mwenyewe chini ya nyayo, sakafu yote iliisema. Baba alifumba macho. Kwenye wimbo ule kuna mahali besi wote wanashuka pamoja, na sauti moja inachelewa kidogo, inafika wenzake wakiwa wameshafika. Hapo baba akacheka. Miaka sikuwa nimemsikia akicheka.

"Bado anachelewa," alisema. "Kila siku niko namuambia, na bado anachelewa."

Kaseti iliendelea. Aliimba naye, vibaya, kwa sauti iliyokwaruza, mkono wake ukigonga ubao wa pembeni kuhesabu. Kisha mkono ukaacha kugonga. Ukaanza kupapasa. Niliona vidole vikifuata mishipa ya mbao kutoka chini kwenda juu, vikafika kwenye mkato, vikasimama. Aliinama akanusa. Hakutazama darini mara moja. Alimaliza kwanza wimbo, ndipo akainua kichwa, akaona kenchi tupu.

Baba aliniita mama maisha yangu yote, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Aliniita hivyo hata siku ile.

"Mama," akasema, "wakati ulikata hizi mbao, mimi nilikuwa wapi?"

Sikuweza kupiga kelele ili asikie. Nilinyoosha kidole nikamwonyesha kigoda chake mlangoni.

Alikitazama kile kigoda. Kisha akaondoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, siyo mlangoni. Siku nne hakunisemesha. Alikula, alioga, alijibu salamu za majirani. Mimi nilikuwa sipo. Ningependa kusema kwamba nilijuta, lakini nilikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyekosa na anataka ashukuriwe. Nilipika na kugonga sufuria, nikijua fika kwamba hasikii hata sufuria.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, alikuja mwenyewe akakaa kwenye kona, akanipa ishara niweke kaseti. Tangu hapo kila siku. Alisikiliza upande wote, nikaugeuza, akasikiliza wa pili, akainuka. Mahali pale pa kuchelewa alikuwa akiinua kidole. Kuhusu mbao hatukusema neno. Shangazi alipopiga simu kuuliza hali nilimwambia mzee hajambo, anasikiliza nyimbo. Hakuniuliza kwa chombo gani.

Kifua kilimshika msimu wa mvua. Hospitali tulikaa majuma mawili, wakatupa dawa, wakaturuhusu, na nyumbani akawa hainuki. Nilisogeza kitanda chake karibu na honi. Siku moja aligonga ubao kwa mkono wake dhaifu nikadhani anataka kaseti. Alinishika kiganja. Nilijua anachotaka kusema, nikamtangulia, nikaanza kumwonyesha kwa mikono kwamba nitanunua nyingine, sita, libuyu ile ile, ndefu, nimeshaongea na wenye malori. Ulikuwa uongo, sikuwa nimeongea na mtu. Alitikisa kichwa.

"Usitafute mbao ingine. Zangu njo hizi, tulipasua na mudogo wangu," alisema. Zake ndizo hizo. Alipumzika. "Nitakunja magoti."

Alikufa wiki hiyo, asubuhi, lori likipita.

Seremala alikuja na futi yake. Nilifungua honi mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, ilikuwa kazi ya saa nzima, na yeye alinisubiri bila kusema nilikuambia. Tulizipanga sakafuni. Kipande kirefu kuliko vyote hakikufika futi tano, na baba alikuwa mrefu, milango yote aliinama. Seremala aliniambia kwa upole kwamba anaweza kuunga, atie kiungo katikati, atapiga randa hata kisionekane. Lakini kwetu jeneza la kiungo ni la mtu aliyeletwa nyumbani vipande. Baada ya yale yaliyompata baba mdogo, nani angethubutu kulileta jeneza hilo mbele ya shangazi? Nikamwambia apige fupi. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachosema. Nikamwambia mwenyewe amesema atakunja.

Tulimkunja mapema, kabla hajakakamaa zaidi, mimi na seremala. Nilishika magoti. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Shangazi alifika kutoka Butembo mchana, amevuka mpaka kwa miguu. Alikuta jeneza uani, fupi na pana, lina matundu ya skrubu kila mahali, na upande wa kichwa duara la inchi kumi na mbili ambalo seremala aliliziba kwa kipande cha ubao. Alilizunguka mara moja. Hakulia. Alijua libuyu, alizaliwa nayo. Alisimama mbele yangu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Wewe njo uliita lufu," alisema. Wewe ndiye uliyekiita kifo.

Ninajua maneno mengi ya kumjibu mtu. Watu wa Bwera watakuambia sijawahi kuyakosa. Ningemwambia kwamba kifua kilimwua, kwamba daktari aliandika, kwamba kaka yake alicheka, na kwamba hapo kabla hakuna aliyemfanya acheke. Nilifungua mdomo, nikaona kigoda mlangoni, nikaufunga. Mpaka leo sijui kama alikosea.

Mazishi yalihitaji kipaza sauti, na watu walinitazama mimi. Nikatundika honi za chuma juu ya mlingoti, nikakaa kando ya amplifaya mahali pake. Rambirambi zilisikika vilima vitatu.

Baada ya arobaini niliweka ile kaseti kwenye honi hizo. Soprano walikuja, wazi, wakali. Sauti ya pili, nusu ya sauti ya tatu. Nikangojea mahali pale pa kuchelewa. Wimbo ulipita juu yake kama hakuna kitu. Nimejaribu plaiwudi tena, nimejaribu mbao za malori, za Katunguru, za kila mahali, na kila moja inavuma kivyake. Baba mdogo yumo kwenye kaseti, hilo ninalijua. Lakini kilichokuwa kikimtoa humo nimekizika kwa mikono yangu, na baba amekunjwa ndani yake.

Kaseti ninaizungusha bado, kila siku baada ya chakula cha mchana. Mahali pale ninainua kidole, kwa kukisia tu.